Bi Kavu Anastaafu, Sakafu Haistaafu

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, daktari wetu wa mifugo na mkuu wa kitengo cha usafi wa mabanda anastaafu. Kwenye barua za ofisi anaitwa Daktari. Mabandani, machinjioni, kantini na hata getini kwa walinzi anaitwa Bi Kavu, na ukimwita Daktari huenda asigeuke.

Mhariri wa jarida hili alitaka wasifu uandikwe na mtu wa ofisini, mwenye Kiswahili cha kuvaa tai. Mstaafu mwenyewe akakataa katakata. Alisema kama haandiki mpishi wa kantini, basi picha yake iondolewe na ukurasa wote uwekwe tangazo la mbolea. Mpishi wa kantini ndiye mimi. Nimeombwa niwe mpole, nisimguse meneja, na nisitie chumvi. Kuhusu chumvi msiwe na wasiwasi, maana miaka yote mnanilalamikia kwamba naweka kidogo. Hayo mengine mawili siahidi. Wala sitamvika Bi Kavu kilemba cha ukoka, kwa sababu angekivua hapo hapo na kunifunika nacho mdomo.

Alifika hapa akiwa binti mwembamba aliyetoka chuoni, gambuti zimemzidi mguu. Siku ya kwanza aliomba aonyeshwe nguruwe wenye salmonela. Wazee wa mabanda wakamwambia hapa hakuna nguruwe mgonjwa, wote wanakula, wananenepa na wanapiga kelele kama kawaida yao. Akawajibu kwamba yeye hakuulizia wagonjwa. Akawaeleza, bila kuwabembeleza, kwamba bakteria huyo anakaa tumboni mwa nguruwe mzima kabisa, hamkondeshi wala hamsumbui. Anatoka na kinyesi, anasambaa sakafuni, anapanda kwenye gambuti na magurudumu hadi machinjioni, na mwisho anaingia kwenye nyama. Nguruwe haumwi. Anayekuja kuumwa ni mlaji, tena akiwa mezani kwake na watoto wake.

Walimcheka wakavunjika mbavu. Alichofanya ni kuvalia soksi za pamba juu ya gambuti na kuzunguka banda zima akikokota miguu kama bibi harusi asiye na haraka ya kufika. Alipomaliza akazivua soksi zile, akazifunga kwenye mfuko na kuzipeleka maabara, kwa sababu chochote kilichopo sakafuni kitanasa kwenye soksi. Majibu yaliporudi kicheko kilipungua. Tangu hapo soksi hazijakoma, na yeyote aliyewahi kupanda gari na Bi Kavu siku ya sampuli anajua harufu yake.

Sasa ngoja niseme jambo ambalo wasifu wa kawaida ungeliruka. Kabla hajaitwa Bi Kavu aliitwa Mama Bomba. Alipopata madaraka alitangaza vita vya maji. Kila chumba kilioshwa kwa bomba la presha, asubuhi na jioni, nguruwe wakiwemo humo humo. Sakafu ziling'aa hadi ungeweza kuchana nywele ukijitazama. Wageni waliletwa, wakapiga picha, na mkurugenzi wa wakati ule akampa cheti kilichotundikwa ukumbini juu ya jagi la maji. Soksi tu ndizo hazikufurahi. Majibu ya maabara yalizidi kuwa mabaya, na yeye, kwa ugumu wa kichwa alichojaliwa, kila yalipokuwa mabaya alifungua bomba zaidi.

Mwisho wa mwaka mmoja wa enzi hizo kampuni iliwagawia wafanyakazi nyama. Mume wangu ni dereva wa lori letu la nguruwe, lile la buluu ambalo hata likiwa tupu unalijua kabla hujaliona. Tulipata paja zima, na mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea. Nikapika, tukala, tukasifiana. Baada ya hapo nyumba nzima iliugua tumbo, sisi wengine kidogo, lakini mama mkwe alikuwa taabani. Alihara, akawaka homa, akalazwa na kutundikiwa dripu hadi nikaogopa kumtazama usoni. Daktari wa hospitali alitaja salmonela. Mawifi zangu hawakutaka kujua salmonela ni nani. Waliuliza nani alipika.

Patamu hapo. Aliyepika ni mimi, na kazi yangu ni kupika. Kampuni ilitoa tangazo kwamba nyama yetu haina tatizo lolote, ikipikwa vizuri haimdhuru mtu, na kwamba wafanyakazi wakumbuke usafi wa majiko yao. Jina langu halikutajwa, lakini ni nani asiyejua? Kantini watu walianza kuja na chakula kutoka nyumbani. Walinisalimia vizuri, wakakaa kwenye meza zangu, wakafungua vyombo vyao. Nilirudisha masufuria jikoni yakiwa yamejaa. Nyama ile niliipika hadi ikaiva, haki ya Mungu, na ubao niliuosha kabla ya kukatia nyanya. Nani angenisikiliza? Nilikuwa karibu kumwaga unga kazini, na nyumbani mawifi walikuwa wameshaitisha kikao cha kuamua kama kaka yao anaishi na mke au na sumu.

Bi Kavu, wakati huo bado Mama Bomba, alisikia habari hizi akiwa kwenye foleni ya chai. Alikwenda hospitali, akamwomba mama mkwe ruhusa, na bakteria waliopatikana kwake wakalinganishwa maabara na waliotoka kwenye soksi. Walikuwa ndugu wa tumbo moja. Walitoka banda namba tatu, lile lililong'aa kuliko yote, lile la kwenye picha za wageni.

Mtu mwingine angeyakalia majibu hayo. Yeye aliyachukua, akaja nyumbani kwangu siku ya kikao bila kualikwa na mtu. Mama mkwe alikuwa ametoka hospitali, amejifunika shuka kwenye kochi. Mawifi wamejipanga, mume wangu ameinamisha kichwa anatazama vidole vyake vya miguu. Bi Kavu alikataa soda, akasimama, akasema kijidudu kilichomlaza mama kimetoka kwenye banda lake. Akasema amekirusha yeye mwenyewe kwa bomba lake mwenyewe, chumba hadi chumba, pua hadi pua, maana presha ile hupeperusha kinyesi kikawa ukungu, na sakafu isiyokauka inamlea bakteria vizuri. Akasema jiko la nyumba hii lilipokea mzigo ambao ulikuwa umeshafungwa kwake, kwa hiyo kama wanatafuta wa kumlaumu yuko mbele yao, na mkamwana wao wamwache apumue.

Wifi mkubwa, ambaye hajawahi kushindwa kusema, alimuuliza kama daktari mzima haoni haya kutamka maneno hayo. Bi Kavu alimtazama kwa macho makavu na kumjibu kwamba haya angeona kama angebaki nyumbani.

Kesho yake mchana Bi Kavu alikuja kantini. Watu wamejaa, kila mmoja na chombo chake. Akasimama katikati, akayarudia yale yale kwa sauti ya kuitia nguruwe, kisha akaja dirishani kwangu na sahani. Akala. Akarudi kuongeza. Fundi wa machinjio akafunika chombo chake, akaja nyuma yake, na wengine wakafuata. Mimi nililia juu ya sufuria ya wali bila kujificha, na ndiyo siku pekee katika historia ya kantini hii watu waliposema chumvi imekolea.

Uongozi wa wakati ule haukupiga makofi. Alipewa onyo, cheti kikashushwa ukutani, akatakiwa aandike kwamba alikosea kusema. Thubutu! Aliandika kwamba alikosea kuosha. Waliirudisha karatasi, naye akaiandika upya vile vile kwa herufi kubwa zaidi. Walimtisha kumwachisha kazi, akawaomba wafanye haraka kwa sababu ana nguo za kuanika. Hawakuthubutu, maana wakati huo mama mkwe alikuwa ameshapona, na anapoishi yeye habari hazihitaji redio.

Ndipo Mama Bomba akafa na Bi Kavu akazaliwa. Alipiga marufuku kuosha banda lenye nguruwe. Wakiwemo ndani, kinyesi kinakwanguliwa na kufagiliwa kikavu. Kundi likitoka linatoka lote, asibaki hata mmoja, banda linaoshwa, linapigwa dawa, maji yanasukumwa kwa fagio la mpira, madirisha yanafunguliwa, halafu banda linaachwa tupu hadi likauke. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyowachefua watu. Banda tupu linaonekana kama uvivu. Yeye alishikilia kwamba dawa inafanya nusu ya kazi na nusu nyingine ni ukavu, na kwamba sakafu mbichi ni sawa na nyama mbichi, humwekei mtu mezani.

Tatizo likawa ni nani wa kusema imekauka. Saruji ni mwongo mkubwa. Juu inakuwa nyeupe kama unga, ndani imejaa maji. Kiganja nacho kina jasho lake, hakiaminiki. Kwa hiyo Bi Kavu alishona gauni la kijivu hafifu, rangi inayofichua hata tone moja, akalitundika kwenye msumari mlangoni mwa mabanda. Gauni hilo halijawahi kutoka getini, linafuliwa hapa hapa. Banda likidaiwa limekauka analivaa, anakanyaga dawa ya kuua vijidudu iliyo kwenye beseni mlangoni, anaingia, anakaa chini sakafuni. Anakaa hasa, miguu ameinyosha, anaimba kidogo. Kisha anasimama na kuwageuzia wasafishaji mgongo. Kukiwa na doa, mlango haufunguliwi. Hakuna rufaa.

Kuna mkaguzi mgeni aliyemkuta siku moja amekaa peke yake katikati ya banda tupu, akadhani ameanguka, akatoka mbio kuita gari la wagonjwa. Gari lilikuja kweli. Bi Kavu alimwomba muuguzi, kwa kuwa amekuja na suruali nyeupe, akae kidogo upande ule mwingine amsaidie. Na jina lenyewe la Bi Kavu lilianza kama dongo, wakimaanisha sakafu na macho yake kwa pamoja. Alilipenda siku hiyo hiyo, akaliandika kwenye gambuti zake kwa rangi nyekundu.

Taratibu soksi zikaanza kurudi bila kitu. Banda moja, kisha la pili. Msimu wa mvua mambo yalirudi nyuma, akaongeza mifereji na kuinua sakafu ziwe na mteremko, yakaenda tena mbele. Nguruwe wakawa wanaondoka hapa wasafi, halafu wakichinjwa wanakutwa na bakteria. Wengine walifurahi, wakasema si mliona? Akafuatilia lori la mume wangu hadi machinjioni, akagundua wanashushwa kwenye vizimba vya kusubiria vilivyolowa, nyuma ya makundi ya nguruwe wa wafugaji wengine, na saa chache tu za kusubiri zinatosha kuwaharibu. Basi akaanza kwenda kukaa huko pia, kwa gauni jingine la huko huko. Mkuu wa machinjio alimwambia huku si idara yake. Alimjibu kwamba siku bakteria akijifunza mipaka ya idara, na yeye atajifunza. Leo vizimba vile vinakaushwa kabla ya kila kundi, na mkuu yule ndiye aliyechangia keki ya sherehe ya kumuaga.

Nimeambiwa nisimguse meneja wetu wa sasa, nasi tunamwita Bwana Fasta kwa mapenzi tu, kwa kuwa kila agizo lake linaishia na fasta fasta. Si mtu mbaya. Anasalimia, anajua watoto wetu kwa majina, na chakula changu anakila. Ila haoni banda tupu akavumilia, linamuuma kama jino. Alipofika alileta tena wimbo ule wa zamani, kwamba nyama ikipikwa vizuri kila kitu kinakufa, kwa hiyo kusubiri sakafu ikauke ni anasa, wananchi wafundishwe kupika. Niliusikia wimbo huo nikaacha kupakua, na wanaojua historia yangu wanajua kwa nini. Bi Kavu alimpa vidonge vyake palepale. Alisema jiko ni mlango wa mwisho. Huwezi kuacha milango yote wazi kuanzia bandani, kwenye lori na machinjioni, halafu kikipita kitu ukamgombeza mwanamke aliyesimama kwenye ule wa mwisho na mwiko mkononi.

Bwana Fasta hakubishana naye tena. Aliwaambia wenzake, wakiwa mbele ya dirisha langu, kwamba wavumilie tu, bibi anastaafu, baada ya hapo mabanda yatajazwa siku hiyo hiyo yanapotolewa nguruwe. Nilikuwa nammiminia chai. Ilijaa kikombe, ikajaa kisahani, ikafika mezani.

Sehemu inayofuata Bi Kavu mwenyewe haijui, kwa kuwa yuko kwenye likizo yake ya mwisho. Asome pole pole.

Jumatatu iliyopita kundi la banda namba tatu lilitoka. Wasafishaji wakaosha, wakapiga dawa, wakasukuma maji. Mvua ilikuwa inanyesha tangu Jumapili, hewa nzito, kila kitu kimelowa hadi kuta. Kabla ya chakula cha mchana lori la buluu likaingia na kundi jipya, na Bwana Fasta akiwa na mwavuli akaagiza mlango ufunguliwe fasta. Sakafu juu ilionekana nyeupe. Gauni la kijivu lilikuwa msumarini na mwenyewe hayupo.

Msafishaji mkubwa kwa umri aliweka fagio chini. Akaingia chumba cha kubadilishia, akatoka na suruali yake ya kijivu ya kuendea nyumbani, akakanyaga dawa, akaingia, akakaa sakafuni. Wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Mlinzi wa geti akaacha geti. Habari zilinifikia jikoni, nikazima moto, nikavua aproni, nikaenda na sketi yangu, nikakanyaga dawa na kukaa mwishoni mwa mstari. Baridi ilinipanda hadi kiunoni. Bwana Fasta aliuliza kama huu ni mgomo. Aliambiwa kwamba ni kipimo.

Tulikaa kiasi anachokaa yeye, wimbo mmoja. Kisha tukasimama wote, tukageuka, tukamwonyesha meneja mgongo. Jamani! Mstari mzima wa makalio yaliyolowa, hakuna hata moja lililosalimika. Hata aliyekuwa amenuna alicheka. Bwana Fasta hakucheka. Alinichagua mimi, akaniambia nirudi jikoni, mambo ya banda hayamhusu mpishi. Nikamwambia yananihusu kuliko mtu yeyote aliyesimama pale. Nikamwambia nimeshawahi kubebeshwa banda namba tatu kichwani mwangu, mbele ya wakwe zangu na mbele ya kantini nzima, na silibebi tena ng'o. Anifukuze, lakini kwanza akae.

Hakukaa. Alimgeukia dereva, akamwamuru ashushe nguruwe. Sasa, dereva yule ni mume wangu, na siku ile ya kikao cha dada zake alinyamaza. Sijawahi kulisahau, na anajua. Ni mtu asiyependa ugomvi, hata kuku wakipigana anaingia ndani. Alichungulia dirishani, akamtazama meneja, akanitazama mimi. Akasema kundi hili anarudi nalo lilikotoka, na atalileta tena sketi ya mke wake ikitoka kavu. Kisha akaweka gia ya kurudi nyuma, mbele yetu wote, lori likafika getini ambako hakukuwa na mlinzi wa kulifungulia. Alishuka akafungua mwenyewe.

Hadi leo hakuna aliyefukuzwa. Hakuna pia aliyeahidi kwamba hatafukuzwa. Kitengo cha usafi hakijapewa mkuu mpya na mpango wa Bwana Fasta bado uko mezani kwake, tunauona tukimpelekea chai.

Kwa niaba ya mabanda, machinjio, kantini na geti, ahsante, Bi Kavu. Ahsante kwa kila mtu asiyekujua aliyekula akalala salama. Ahsante kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kukosea mbele ya watu, akasema mbele ya watu, na bado akarudi kuongeza sahani. Mimi nakushukuru kwa jina langu ulilonirudishia. Mama mkwe anakusalimu, yu mzima, ana nguvu, na anasema bado sijui kuweka chumvi. Siku ya sherehe amesema atakaa karibu na wewe.

Kampuni itakupa saa ya ukutani, uipokee kwa adabu. Sisi gauni lako hatukupi. Linabaki msumarini kama lilivyo, na hakuna atakayelivaa, kwa kuwa kila mtu sasa ana nguo yake ya kijivu kwenye kabati la kazini. Nenda ukapumzike, uamke unapotaka, ukae kwenye viti laini. Maisha yawe mema kwako, mama, mema kabisa.

Huku usituhofie. Mvua bado inanyesha. Nimetoka sasa hivi kukaa banda namba tatu, naandika haya nikiwa nimesimama, maana sketi imelowa. Hatufungui.